Mwanzo na Chanzo: Padri Lemaître, Lugha na Suala la Asili ya Ulimwengu

Mwezi Juni mwaka 1844, mjini Mombasa, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alianza kukitafsiri kwa Kiswahili kitabu cha kwanza cha Biblia. Alikuwa hajakaa sana mjini humo wala lugha hakuwa ameimudu, hivyo alitegemea msaada wa kadhi, Ali bin Muhyiddin. Sura tatu za kwanza za kazi hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la American Oriental Society, na kwa sababu hiyo zimo miongoni mwa matini za awali kabisa za Kiswahili kupigwa chapa. Wanahistoria wa lugha wamezoea kulitaja tukio hili kwa ajili ya tarehe yake. Aghalabu hawasemi kwamba lilikuwa pia tukio la kiistilahi: mhubiri wa Kikristo na mwanachuoni wa Kiislamu waliketi pamoja kutafuta maneno ya Kiswahili ya kueleza jinsi mbingu na ardhi zilivyopata kuwako.

Kitenzi kilichokuja kutawala katika tafsiri za baadaye, za Biblia na za Kurani vilevile, ni -umba. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alikitumia kwa wingi katika tafsiri yake kamili ya mwaka 1969, na watafsiri wa Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 walikuwa wamekwisha kukitumia. Kiarabu kilikuwa kimeleta pwani neno jingine, -huluku, ambalo limebaki katika utenzi na katika nomino mahuluku, lakini halikuweza kulishinda lile la Kibantu. Shina la -umba ni kongwe. Wataalamu wa isimu linganishi wanalihusisha na mzizi wa Kibantu wenye maana ya kufinyanga. Waganda hadi leo husema kubumba kwa kazi ya mfinyanzi na ebbumba kwa udongo wenyewe, na katika Kikikuyu jina Mũmbi linakumbusha kazi hiyohiyo. Kiswahili kimeidondosha sauti ya kwanza na kumwachia mfinyanzi kitenzi kingine, lakini ukoo wa neno bado unaonekana katika umbo, kiumbe na maumbile. Hivyo, kwa asili yake, -umba halisemi lolote kuhusu wakati. Linataja uhusiano wa kinachofanywa na anayekifanya: chungu kimo mikononi mwa mfinyanzi. Fundisho la kwamba Mungu aliumba pasipo malighafi yoyote liliongezwa na mapokeo ya dini, nalo kitenzi kikalibeba.

Lipo jambo la pili la kiisimu ambalo litahitajika hapa mbele. Kutokana na -anza Kiswahili kimepata nomino mbili ambazo msikilizaji asiye makini huzichanganya. Mwanzo ni sehemu ya kwanza ya kitu katika mfululizo wa wakati au mahali: mwanzo wa mwezi, mwanzo wa barabara. Chanzo ni kile ambacho kitu kimetokana nacho: chanzo cha ugomvi, chanzo cha mto. Mto una mwanzo wake kwenye ramani. Chanzo chake ni mvua, na mvua hainyeshi mara moja tu siku mto ulipoanza kutiririka, bali kila mwaka, na ikikoma mto hukauka. Mzizi ni mmoja, ngeli ni mbili, na tofauti ya maana si ndogo hata kidogo.

Suala la iwapo imani ya dini na nadharia za kisayansi kuhusu asili ya ulimwengu vinaweza kukaa pamoja huulizwa, katika kumbi za mihadhara na katika nyumba za ibada, kana kwamba ni suala la nani amesema kweli. Historia inaonyesha kwamba mara nyingi zaidi limekuwa suala la kuchanganya mwanzo na chanzo. Ushahidi bora ni maisha ya mtu mmoja aliyekuwa padri wa Kikatoliki na wakati huohuo mwasisi wa nadharia ambayo leo huitwa ya Mlipuko Mkuu. Kabla ya kumfikia, hapana budi kupita kwa haraka mahali ambapo tofauti hiyo ilichongwa kwa mara ya kwanza.

Wanafalsafa wa Kiislamu waliomfuata Aristotle, Ibn Sina akiwa mkuu wao, walishikilia kwamba ulimwengu unamtegemea Mungu lakini haukuwa na siku ya kwanza. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliiweka hoja hiyo mbele kabisa katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, na kati ya masuala 20 aliyoyajadili ilikuwa moja ya matatu aliyoyahukumu kuwa ukafiri. Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwa kitabu kizima. Karne moja baadaye, Paris, Thoma wa Akwino alichukua njia ambayo haikuwapendeza wengi wa zama zake. Yeye aliamini, kwa mamlaka ya maandiko, kwamba ulimwengu una mwanzo. Lakini alikana kwamba akili peke yake inaweza kulithibitisha hilo. Kuumbwa, kwa maelezo yake, ni kutegemea: kitu kimeumbwa kwa kuwa uwepo wake wote unatoka kwa mwingine, na hata ulimwengu usio na siku ya kwanza ungeweza kuwa umeumbwa. Kwa msamiati wa Kiswahili, Thoma alisema kwamba imani inahusu chanzo hasa, na kwamba mwanzo ni habari nyingine.

Georges Lemaître aliisoma falsafa hiyo katika mafunzo yake ya upadri. Alizaliwa Charleroi, Ubelgiji, tarehe 17 Julai 1894. Vita vya mwaka 1914 vilimkuta akisomea uhandisi, akapigana katika kikosi cha mizinga, kisha akarudi Chuo Kikuu cha Louvain na kupata shahada ya udaktari katika hisabati mwaka 1920. Mwaka 1923 akapewa upadri, na mwaka huohuo akaenda Cambridge kujifunza kwa mwanaastronomia Arthur Eddington, halafu Marekani. Si kweli kwamba alikuwa na msimamo mmoja tangu ujana wake, ingawa wasifu mwingi mfupi humwonyesha hivyo. Mwaka 1921, akiwa bado mseminari, aliandika insha iliyojaribu kuzioanisha kauli za kwanza za Mungu katika kitabu cha Mwanzo na fizikia ya siku zake. Baadaye aliiacha njia hiyo kabisa. Yamkini kule kuijaribu mwenyewe ndiko kulikomwonyesha udhaifu wake.

Mwaka 1927 alichapisha, kwa Kifaransa na katika jarida la Ubelgiji lisilosomwa na wengi, makala iliyoonyesha kwamba milinganyo ya Einstein inaruhusu ulimwengu unaotanuka, na kwamba kutanuka huko kunaeleza kwa nini galaksi za mbali huonekana zikienda mbali zaidi. Alikadiria hata kiwango cha kutanuka, miaka 2 kabla ya makala mashuhuri ya Edwin Hubble. Mwezi Oktoba mwaka huo alikutana na Einstein mjini Brussels. Kwa masimulizi ya Lemaître mwenyewe, Einstein hakuona kosa katika hesabu, ila fizikia yake ilimchukiza.

Jambo ambalo husahauliwa ni kwamba ulimwengu wa makala ya 1927 haukuwa na mwanzo. Ulitanuka polepole kutoka katika hali tulivu isiyo na tarehe. Padri huyu, kwa maneno mengine, alipoandika kazi yake kubwa ya kwanza ya kikosmolojia hakuhitaji siku ya kwanza, wala hakuitafuta. Mwanzo uliingia baadaye, kwa mlango wa fizikia. Mapema mwaka 1931 Eddington alieleza kwamba wazo la mwanzo wa ghafla wa mpangilio wa sasa wa maumbile linamkirihi kifalsafa. Eddington hakuwa mkanamungu. Alikuwa Mquaker mcha Mungu. Lemaître alimjibu kwa barua fupi, isiyozidi maneno 500, iliyotoka katika jarida la Nature tarehe 9 Mei 1931. Hoja yake ilijengwa juu ya nadharia ya kwanta: nishati ya ulimwengu hugawanyika katika vipande vinavyozidi kuongezeka kadiri muda unavyopita, basi mtu akirudi nyuma atakuta vipande vichache zaidi, mpaka afike kwenye kimoja. Katika hatua hiyo, alisema, maneno mahali na wakati yenyewe hayana maana, kwa kuwa maana yake huanza pale ambapo kile kipande cha kwanza kimegawanyika. Baadaye alikiita atomu asilia.

Basi waumini wawili, mwalimu na mwanafunzi wake, walitofautiana kuhusu mwanzo, na tofauti yao haikufuata mpaka wa dini. Mswada wa barua ile uliopigwa taipu umehifadhiwa, nao una aya moja ya mwisho ambayo haikuchapishwa. Ndani yake Lemaître alisema kwamba anayeamini kuna Mungu anayetegemeza kila kiumbe na kila tendo anaamini pia kwamba Mungu huyo amefichika, na huweza kufurahi kuona fizikia ikilitandaza pazia linalouficha uumbaji. Aya hiyo imekatwa kwa mstari. Wapo wanaouona mkato huo kuwa tahadhari ya mtu aliyeogopa kuchekwa na wenzake. Tafsiri hiyo haitoshi. Hata kabla ya kukatwa, aya yenyewe haikusema kwamba fizikia imemwona Muumba. Ilisema kinyume, kwamba fizikia haitamfikia. Aliyeikata alikuwa akilitii wazo lililomo ndani yake.

Mwaka 1933 alilieleza gazeti moja la Marekani kwamba waandishi wa Biblia walijua elimu ya nyota kwa kadiri ya watu wa kizazi chao na si zaidi, na kwamba kuitafuta fizikia katika maandiko ni kukosea aina ya kitabu. Kauli hiyo ingeweza kutolewa na msomi yeyote wa fasihi: utanzu hujulikana kwanza, ndipo maana isomwe.

Jina ambalo ulimwengu mzima hulitumia leo halikutoka kwake. Lilitamkwa na mpinzani, Fred Hoyle wa Cambridge, katika kipindi cha redio ya BBC tarehe 28 Machi 1949. Mwaka mmoja kabla, Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold walikuwa wametoa nadharia ya ulimwengu usiobadilika kwa ujumla wake, usio na mwanzo wala mwisho. Hoyle hakuficha kwamba wazo la mwanzo lilimnukia dini. Hali kadhalika katika Urusi ya Kisovieti nadharia ya padri ilishukiwa kuwa teolojia iliyovaa joho la sayansi. Hapa ndipo uchanganyaji wa maneno unapoonekana kwa upande wa wasioamini: waliukataa mwanzo kwa kudhani kwamba kuukubali ni kukubali chanzo.

Miaka miwili baadaye kosa hilohilo lilifanywa kutoka upande wa pili, na kwa sauti kubwa zaidi. Tarehe 22 Novemba 1951 Papa Pius wa XII aliihutubia Akademia ya Kipapa ya Sayansi mjini Roma. Alizungumza kana kwamba sayansi ya kisasa imevuka mamilioni ya karne kurudi nyuma na kuishuhudia amri ya kwanza ya Mungu, nuru ilipoitwa itokee. Hotuba ilishangiliwa na wengi, na magazeti yakaieneza. Lemaître, aliyekuwa mwanachama wa akademia hiyo, hakufurahi. Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni ya kisayansi: nadharia ilikuwa bado na kasoro nzito, kwa kuwa kwa vipimo vya wakati huo kasi ya kutanuka ilielekea kuupa ulimwengu umri wa takriban miaka bilioni 2 tu, ilhali miamba ya dunia ilionekana kuwa mikongwe zaidi. Nyumba haiwezi kuwa changa kuliko tofali lake. Sababu ya pili ilikuwa ya kiteolojia, nayo ilimgusa zaidi: Mungu akifanywa kuwa hitimisho la hesabu, atakuwa amefanywa kuwa dhana tete kati ya dhana tete nyingine, na hesabu ikisahihishwa naye atasahihishwa.

Mwaka 1952, akiwa safarini kwenda Afrika Kusini, Lemaître alipita Roma na kushauriana na Mjesuiti Daniel O'Connell, mkurugenzi wa kituo cha astronomia cha Vatikani. Tarehe 7 Septemba mwaka huo Papa alizungumza tena, safari hii mbele ya Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia, na yale madai ya mwaka uliotangulia hayakurudiwa. Ni katika mkutano huohuo ambapo Walter Baade alitangaza kwamba umbali wa galaksi ulikuwa umekadiriwa vibaya na kwamba ulipaswa kuongezwa takriban maradufu. Umri wa ulimwengu ukabadilika kwa kiasi hichohicho. Kama Kanisa lingekuwa limeifungamanisha imani na zile tarakimu za 1951, lingelazimika kuifungua ndani ya miezi 10.

Mbele ya wanafizikia waliokusanyika Brussels mwaka 1958, Lemaître alisema kwamba nadharia yake, kwa kadiri alivyoiona, iko nje kabisa ya swali lolote la kidini: humwacha asiyeamini huru kukana, na humwondolea anayeamini kishawishi cha kumzoea Mungu kupita kiasi. Katika maandishi ya miaka yake ya mwisho alisema kwamba tukio lile linaweza kuitwa mwanzo, na akaongeza kwamba yeye haliiti uumbaji. Mwaka 1960 alifanywa rais wa Akademia ya Kipapa. Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson, wakifanya kazi na antena huko New Jersey, walitangaza kupatikana kwa mnururisho hafifu unaotoka pande zote za anga, mabaki ya joto la zama za awali. Msaidizi wake Odon Godart alimpelekea habari hizo akiwa mgonjwa. Lemaître alifariki tarehe 20 Juni 1966. Mnamo Oktoba 2018 wanachama wa Umoja wa Wanaastronomia walipendekeza kwa asilimia 78 ya kura kwamba kanuni ya Hubble iitwe ya Hubble na Lemaître. Umri wa ulimwengu unakadiriwa sasa kuwa miaka bilioni 13.8.

Kishawishi alichokikataa hakikufa pamoja naye. Mwaka 1976 tabibu Mfaransa Maurice Bucaille alichapisha kitabu kilichodai kuonyesha ulinganifu wa Kurani na sayansi ya kisasa, na tangu hapo aya ya 30 ya Sura ya Manabii, inayozitaja mbingu na ardhi kuwa zilikuwa zimeambatana kisha zikabanduliwa, imesomwa na wengi kama tangazo la mapema la nadharia hii. Wafasiri wa kale waliifahamu kwa namna mbalimbali, mmojawapo ukiwa wa mbingu kufunguliwa kwa mvua na ardhi kwa mimea, na usomaji huo ulitosheleza imani ya vizazi bila msaada wa darubini. Upande wa pili, Stephen Hawking, aliyetoa katika mkutano wa kikosmolojia huko Vatikani mwaka 1981 wazo la ulimwengu usio na ukingo wa wakati, aliuliza katika kitabu chake cha mwaka 1988 kwamba, ikiwa hakuna mwanzo, Muumba atakuwa na nafasi gani. Thoma wa Akwino angelijibu swali hilo bila kutaabika: nafasi ileile. Padri wa mwaka 1951 aliyeshangilia na mwanafizikia wa mwaka 1988 aliyetilia shaka walikubaliana juu ya jambo moja tu, nalo lilikuwa kosa.

Na hapa suala linarudi kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki hukutana na nadharia hii kwa jina la Mlipuko Mkuu, ambalo ni tafsiri sisisi ya maneno ya Hoyle. Katika matumizi ya kila siku mlipuko ni wa bomu, au wa kipindupindu. Una mahali ulipotokea, una sauti, una uharibifu, na una aliyeuwasha au uzembe ulioruhusu. Nadharia haisemi lolote kati ya hayo: haisemi kwamba vitu vilirushwa ndani ya uwanja uliokuwapo tayari, bali kwamba uwanja wenyewe umekuwa ukitanuka. Haishangazi kwamba anayelisikia jina hili kwa mara ya kwanza huuliza bomu lilitegwa na nani, na kwamba mhubiri naye hudhihaki, akiuliza ni lini mlipuko uliwahi kujenga nyumba. Wanabishana na sitiari. Kutanuka lingekuwa neno la kweli zaidi, lakini istilahi iliyokwisha kuota mizizi haing'olewi kwa amri ya kamati.

Neno nadharia nalo lina mashaka yake. Asili yake ni Kiarabu, kutoka katika kutazama, kama ilivyo kwa lile la Kigiriki ambalo lugha za Ulaya zimelirithi. Lakini mitaani hutumika kama kinyume cha vitendo, na kutoka hapo si mbali kufika kwenye jambo lisilo na hakika. Anayesema kwamba hiyo ni nadharia tu anadhani amekwisha kuipinga.

Kinachowezekana, na ambacho kimo ndani ya mamlaka ya wanaleksikografia, ni fasili. Kidahizo cha Mlipuko Mkuu kikifasiliwa kuwa wakati ulimwengu ulipoumbwa, kamusi itakuwa imehubiri. Kikifasiliwa kuwa maelezo ya ulimwengu kutokea bila Muumba, itakuwa imehubiri vilevile. Kutosheleza kungekuwa kuandika kwamba ni nadharia ya kisayansi inayoeleza jinsi ulimwengu, miaka ipatayo bilioni 13.8 iliyopita, ulivyoanza kutanuka kutoka katika hali ya msongamano na joto kubwa mno. Kitenzi kilichotumika ni -anza. Kitenzi -umba kibaki katika ukurasa wake, pamoja na umbo, kiumbe na maumbile, na mfano wa matumizi utolewe kutoka kwa mfinyanzi.